Kadi Kumi na Mbili za Netta

Eck Geddie alichimba makaburi miaka ishirini na saba, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyepata kumsikia akijisifu. Sisemi hivyo kumpamba. Nasema kwa sababu ndicho kilichomponza.

Watu wa Kilrennoch wako hivyo. Mwambie mama wa pale kwamba supu yake tamu, atakujibu kwamba viazi vimeiva mno. Mwambie mwanamume kwamba amejenga ukuta mzuri, atakuonyesha jiwe lililokaa upande. Mtoto akianza kujipigia debe mezani, bibi yake humkata kauli kabla hajameza. Halafu watu hawahawa, wakitaka kukupandisha cheo, wanakukalisha mbele ya jopo la watu watatu na kukwambia: haya, jieleze, una dakika arobaini. Nimekaa nao miaka mingi na jambo hilo halijaniingia akilini mpaka leo.

Mwezi wa kumi, mzee Wattie Kinnear, msimamizi wa makaburi ya mji, alistaafu kwa sababu ya magoti mabovu. Eck alikuwa msaidizi wake, akapewa funguo akaimu. Akakaimu bila makuu. Alipanga mazishi, alipokea wafiwa langoni, na makaburi yasiyo na mawe aliyajua yote kwa kichwa. Mwezi wa kwanza halmashauri ikatoa tangazo. Lorna Haldane, mkuu wa idara yao, akaja mwenyewe mpaka kwenye kibanda chao cha chai kuwaeleza, maana ni mama muungwana.

"Nafasi ya usimamizi inashindaniwa," akasema. "Hata wewe unayekaimu, Eck, itabidi uombe na ufanyiwe usaili. Na nafasi ya msaidizi inafutwa."

"Kwa hiyo nisipopata?"

"Usipopata unahamia kikosi cha nyasi, Balgarvie. Mshahara haupungui hata senti."

Dod Rennie, mchimbaji mwenzake, alikuwa anachovya biskuti kwenye chai. "Balgarvie raha, bwana," akasema. "Watakupa mashine ya kukalia, ukate nyasi za kwenye mzunguko wa barabara. Utazunguka mpaka usahau ulikoingilia."

Eck hakucheka. Alikuwa anawaza nyumbani, alikomwacha Netta, mkewe, amelala kwenye kochi na mto tumboni. Netta alikuwa na saratani ya kongosho, na madaktari walikuwa wameacha kuhesabu miezi. Walikuwa wanahesabu majuma.

Netta alikuwa karani wa shule kwa miaka mingi. Alikwisha kuona walimu wengi wakiingia kwenye usaili wakiwa wababe na kutoka wamelowa. Alilisoma lile tangazo mara moja tu, akavua miwani.

"Fomu nitajaza mimi," akasema. "Lakini huko ndani utaingia wewe, Eck, na wewe kwenye maneno ni hewa."

"Najua."

"Nitafutie kadi nikuandikie maswali."

Kadi zilizokuwa karibu ni zile za kazini. Huko jeneza halishushwi na wafanyakazi. Wafiwa wenyewe hushika kamba nane, na kila mshikaji hupewa kadi ndogo yenye mchoro wa jeneza na namba ya mahali pake. Namba moja iko kichwani, na hupewa aliye karibu na marehemu kuliko wote. Eck alikuwa na kadi hizo tupu mfukoni siku zote. Netta akachukua kumi na moja, akazigeuza, akaandika swali moja nyuma ya kila kadi kwa mwandiko wake wa kikarani. Eck alipoona mgonjwa anaandika nyuma ya picha ya jeneza, alinyoosha mkono azichukue. Netta alimwambia aache ujinga, karatasi ni karatasi.

Basi kila jioni baada ya kula wakawa wanafanya mazoezi, yeye kwenye kochi, mumewe kwenye kigoda kama mshtakiwa.

"Kwa nini unafaa kazi hii?"

"Sijui kama nafaa. Nipo tu."

"Ee Mungu nipe subira. Nani alizuia maji yasiingie upande wa makaburi ya watoto mwaka wa mafuriko?"

"Sisi."

"Sisi nani? Dod alikuwa Uhispania anaungua mgongo."

"Mwenye trekta alisaidia."

"Alikuazima trekta akaenda zake kulala. Sema mimi. Sema, nakusubiri."

"Mimi," akasema Eck, na masikio yakamwiva.

Netta alicheka mpaka maumivu yakamkatiza. Alipotulia akamshika mkono, ule mkono mgumu wenye udongo usiotoka kwenye kucha, akaacha utani.

"Nataka kazi hii uipate, na siyo kwa ajili ya cheo. Mimi nakwenda kulala pale, Eck. Nataka saa nne, ukinywa chai yako, uwe karibu yangu. Sitaki uwe Balgarvie unakata nyasi za watu."

"Nitakuwepo."

"Na kaburi langu nani atachimba?"

"Mimi," akasema Eck. "Mimi mwenyewe, kwa koleo."

"Umeona. Hilo umelisema bila taabu."

Mwisho wa Januari Netta alipelekwa hospitali. Siku mbili tatu baadaye aliagiza aletewe zile kadi, anataka kuzirekebisha. Eck akampelekea, na tupu chache za akiba. Hakuuliza anarekebisha nini, na Netta hakusema. Juma la pili la Februari akafariki, alfajiri, mumewe amemshika mguu kwa sababu mikono yote ilikuwa na mipira ya dawa. Nesi alimkabidhi Eck mfuko wenye miwani, kitana, na kadi zimefungwa kwa mpira. Akazitia mfuko wa ndani wa koti lake jeusi. Mwandiko ule hakuweza kuutazama tena.

Kaburi lake alilichimba siku mbili, Jumatano na Alhamisi, kwa koleo kama alivyoahidi, mashine imesimama pembeni. Ijumaa kulikuwa na mazishi mawili: saa tano mzee Pattullo aliyekuwa na duka la viatu, saa nane Netta. Eck alifika saa kumi na mbili asubuhi, mvua inanyesha, akakuta ukuta mmoja wa kaburi la Pattullo umebomoka na maji yamefika magotini. Dod alikuwa kitandani ana homa. Mtu mwingine angepiga simu mazishi yaahirishwe, na siku ile nani angemlaumu? Eck akashuka shimoni akaanza kuteka maji kwa ndoo.

Lorna alipita saa nne kuona kama kuna neno la kumsaidia mfiwa. Alimkuta mfiwa huyo yumo shimoni, tope mpaka kiunoni, anagongomea mbao.

"Eck, toka humo. Nitaita watu kutoka mji wa pili."

"Watafika saa ngapi?"

"Saa nane hivi."

"Pattullo ni saa tano. Binti yake amesafiri kutoka Kanada. Nipe ile mbao ndefu."

Lorna akampa ile mbao, na viatu vyake vya ofisini viliharibika kabisa. Saa tano mzee Pattullo alishushwa kwenye kaburi kavu lenye kuta zilizonyooka, na wanawe hawakujua lolote. Eck akanawa kwa ndoo kibandani, akavaa suti, akarudi kupitia langoni na watu wa kwake kama mgeni. Saa nane alishika kamba namba moja. Watu walipokwenda hotelini kula pai ya nyama, kama ilivyo desturi baada ya maziko, yeye alibaki. Alivua koti, akamfukia mkewe peke yake mpaka mwisho, akapiga udongo kwa mgongo wa koleo. Alifika kwenye chakula watu wamefika kwenye chai, mikono ya shati imejaa tope. Lorna alimwona akiingia, akainamisha kichwa kwenye sahani.

Usaili ukawa Aprili.

Nje ya mlango alimkuta Kirsty Melrose, meneja wa bwawa la kuogelea la mji, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mcheshi, anayemsalimia kila mtu. Ndiyo kwanza alikuwa anatoka kusailiwa yeye. "Wala usiwe na wasiwasi," akamwambia, akampa peremende. "Hawaumi." Eck akashukuru, akaitia mfukoni pamoja na kadi.

Ndani walikuwa watatu: Lorna, diwani mmoja mwenye usingizi, na Bwana Nairn, ofisa utumishi. Nairn ndiye aliyesoma masharti. Kila mwombaji ataulizwa maswali yaleyale sita. Kila jibu lina alama tano. "Na tunaandika kile tu utakachokisema humu ndani, Bwana Geddie. Tunachokijua kutoka nje hakihesabiwi. Ni kwa ajili ya haki." Haki hiyo. Mtu mnamfahamu miaka ishirini na saba, kisha mnajifanya kaingia mjini asubuhi ile.

Maswali matatu ya mwanzo aliyapita kwa kuchechemea. Alisema sisi, Nairn akamuuliza sisi nani, akasema yeye na Dod, Nairn akauliza yeye hasa alifanya nini, akasema kidogo kidogo. Alitoa jasho mpaka ukosi ukalowa. Lakini alipita.

Swali la nne alilisoma Lorna. "Tuambie siku moja kazini uliyokabiliwa na shida kubwa kuliko kawaida, na jinsi ulivyoifanya kazi ikakamilika."

Lorna alikuwa anamtazama, naye alijua anatazamwa kwa lipi. Ile Ijumaa ilimjia yote, maji ya shimoni, mbao, kamba kiganjani inavyopungua uzito jeneza linapofika chini.

"Kuna siku mashine ya kukatia nyasi iliharibika," akasema Eck. "Kabla ya sikukuu ya mashujaa. Tukaazima nyingine."

Nairn akaandika. "Na matokeo yake?"

"Nyasi zilikatwa."

"Kuna mfano mwingine wowote, Eck?" Lorna akauliza, na sauti ilimtoka nyembamba. "Hata wa karibuni. Hata wa majira haya ya baridi."

Nairn akakohoa. "Mama Haldane, wengine hatukuwapa dokezo."

"Nauliza tu kama kuna mfano mwingine."

Eck aliweka kiganja kifuani, juu ya mfuko wa ndani, akasikia ukingo wa zile kadi. "Hapana," akasema. "Ni huo tu."

Matokeo yalikuja baada ya siku kumi. Kirsty Melrose alama ishirini na mbili, Eck Geddie alama ishirini. Lile swali la nne walimpa moja.

Utaratibu unamruhusu aliyekosa aelezwe alikokosea, na Eck alikwenda, nadhani kwa adabu tu. Lorna alikuwa na karatasi mezani, ameiweka kifudifudi.

"Nilikuwepo Ijumaa ile," akasema. "Nilikupa mbao kwa mikono yangu. Ungesema maneno manne tu, Eck, ningekuandikia tano. Sikuweza kuandika nilichokiona. Nilipaswa kuandika ulichosema."

"Sikulaumu, Lorna."

"Mimi najilaumu. Kwa nini hukusema?"

Eck aligeuza kofia mikononi. "Ningesema nini? Kwamba nilimzika mke wangu vizuri, kwa hiyo nipeni cheo? Hakuwa mfano, Lorna. Alikuwa Netta."

Lorna akainuka akafunga mlango ili watu wa nje wasimwone akilia, na Eck ndiye aliyembembeleza.

Akapewa majuma mawili ya kumfundisha kazi Kirsty. Na hapa nitasema ukweli, ingawa ningependa kumchukia huyu mama: alikuwa mtu mwema, na alikuwa anauliza. Eck alimtembeza safu kwa safu. Alimwonyesha udongo unaobomoka, mizizi ya mti wa msonobari inayovunja koleo, watoto saba wasio na majina karibu na ukuta. Hakumficha kitu. Saa nne kila siku alichukua kikombe chake akaenda kusimama penye lundo la udongo lisilo na jiwe bado, na Kirsty aliuliza mara moja tu kisha akaacha kuuliza. Dod naye utani ulimwisha. Alikuwa akimwekea Eck biskuti mbili kwenye sahani bila kusema neno.

Ijumaa ya mwisho, mchana, Kirsty alikuwa anatayarisha mazishi yake ya kwanza ya peke yake, ya Jumatatu. Alipekua droo za kibandani.

"Eck, kadi za kamba zimekwisha. Nimeagiza, hazijafika. Namba mbili inakaa upande gani, hebu nichoree."

Eck alikuwa amevaa koti jeusi, la kuagia watu. Alitia mkono mfuko wa ndani bila kufikiri, kisha akafikiri, kisha akaona amekwisha kuchelewa kuurudisha. Akatoa kadi akaziweka mezani upande wa picha. "Hii hapa. Moja kichwani, mbili miguuni, halafu mabega."

Mpira ulikuwa umechakaa, ukakatika Kirsty alipozishika. Zikatawanyika. Alizikusanya akiona maandishi nyuma, akaona haya, akawa anazipanga bila kusoma, lakini ya mwisho alikwisha kuisoma kabla hajajizuia. Akamsogezea Eck.

"Hii nadhani ni ya kwako," akasema.

Eck alihesabu. Kumi na mbili. Siku zote alijua ni kumi na moja. Mwandiko wa hii ulikuwa umelegea, herufi zimelala ubavu, mwandiko wa mtu anayeandika amelala chali.

*Swali la kumi na mbili. Siku gani ilikuwa ngumu kuliko zote kazini?*

*Jibu. Waambie ya kunizika. Najua hutataka, utaona unanitumia. Nimekuruhusu, na nimeandika kabisa ili usisingizie kwamba sikusema. Na usiseme sisi, Eck. Siku hiyo utakuwa peke yako.*

Aliisoma mara mbili. Akaketi. Kadi hii ilikuwa kifuani pake ile saa Lorna anauliza. Ilikuwa chini ya kiganja chake.

Kirsty alitaka kutoka ampishe. Eck akamwambia akae. Halafu akamsimulia. Alianza saa kumi na mbili asubuhi, na mvua, na ukuta ulioporomoka. Mimi niliteka maji, akasema. Mimi nilipigilia mbao. Mimi nilishika kamba ya kwanza. Mimi nilimfukia mpaka mwisho, sikutaka mtu anisaidie. Hakumtaja Dod, hakumtaja mwenye trekta, hakumeza neno hata moja. Alisimulia vizuri, na pale kibandani hapakuwa na wa kumpa alama. Kirsty alisikiliza machozi yanamtiririka, na lazima alijua, kama ninavyojua mimi, kwamba Eck angesema hivyo Aprili, yeye asingekuwa amekaa pale.

"Pole, Eck," akasema mwishowe. "Nifanye nini?"

Eck alikusanya kadi zake, akazirudisha mfukoni. Akaweka funguo mezani, zote tisa.

"Basi la Balgarvie linanirudisha saa kumi na mbili jioni," akasema. "Lango linakuwa limefungwa. Nitakuja Jumapili. Lakini udongo wa Netta utazama, mwezi wa tisa hivi, mvua zikirudi. Unazama mara moja tu, kwa ghafla. Usimwekee mashine. Ongeza kwa koleo, kidogo kidogo, upande wa kichwani kwanza."

Kirsty akavuta daftari, akachukua kalamu, akaandika yote kama alivyosema.